Sherehe ya Wanawake, DJ Awe Mwanamke



Safari hii tunawaandikia kutoka Kahama, mkoa wa Shinyanga, tunakoshona sare na madera tukiuza hadi Geita na Katoro. Mmezoea tukileta mishono. Leo hatuna mshono mpya. Tuna neno, na huenda wengine mkalikunjia uso: tunataka wanawake tujifunze u-DJ.

Si ule wa kukesha klabu. Tunasema ule wa sherehe zetu wenyewe, kicheni pati, singo na sendofu, ambako ukumbi mzima ni wanawake isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyekaa mbele anatutazama.

Mwaka jana tulishona sare za sherehe moja huku Kanda ya Ziwa. Mambo yalipangwa vizuri. Milango ilifungwa, simu zikakusanywa kwenye beseni mlangoni, mitandio ikavuliwa. Simu moja tu haikuingia beseni, ya kijana wa muziki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nyimbo. Siku ya tatu video ya dakika moja ikawa inazunguka WhatsApp. Mama wa watu, mwenye watoto wanne, anaonekana anacheza, khanga kiunoni. Hakuna kosa alilofanya. Alicheza mbele ya wanawake wenzake, kama alivyocheza mama yake na bibi yake. Mumewe alimrudisha kwao miezi miwili. Wamepatana, alhamdulillahi, lakini sherehe haendi tena, na akipita mbele ya duka letu hapunguzi mwendo.

Tukakaa tukajiuliza. Mpishi alikuwa mwanamke. Mpambaji mwanamke, mshereheshaji mwanamke, hata aliyesimama mlangoni mwanamke. Kwa nini muziki ndio utushinde? Jibu likawa fupi: hakuna kati yetu aliyejua. Basi tukaanza kujifunza, mafundi cherehani watatu: mmoja wa Unguja, mmoja wa Pemba na mmoja Msukuma wa hapa hapa Kahama.

Wanawake wametangulia

Kuna watakaosema mashine za muziki si za wanawake. Sisi wa visiwani tukisema hivyo tunajisahau. Siti binti Saad wa Fumba alikuwa akitembeza vyungu kuuza mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, wakati wanawake wengi hata kusikika sauti nje ya ua lilikuwa jambo. Leo Unguja ipo Tausi, taarab ya wanawake watupu, wanaimba na vyombo wanapiga wenyewe. Uganda yupo DJ Rachael, aliyeanza kazi hii miaka ya 1990 na baadaye akaanzisha Femme Electronic ili kuwafundisha wanawake wengine.

Na muziki wenyewe unaotawala sherehe siku hizi hautoki mbali. Singeli imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, kwa vijana wenye kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati, na tangu hapo vijana hao wamealikwa kupiga hadi Ulaya. Hawakusubiri mitambo ya mamilioni. Sisi tunasubiri nini?

Masikio kwanza, mashine baadaye

Anayeanza hukimbilia kununua kontrola. Tunamwambia asubiri, aanze na masikio.

Muziki wa dansi wa kielektroniki, uwe hausi, amapiano au singeli, umejengwa kwa hesabu. Midundo minne ni fungu moja. Yakitimia mafungu manane, yaani midundo 32, mara nyingi ndipo jambo linapobadilika: besi inaingia, sauti inatoka, kinanda kinapumzika. Wiki tatu za mwanzo hatukugusa mashine yoyote. Tulikuwa tunashona huku tunahesabu, mguu unakanyaga cherehani na mdomo unasema moja mbili tatu nne. Wateja walidhani tumechanganyikiwa. Ukishajua 32 inatimia wapi, umejua wimbo mpya uingie wapi, na wanaocheza hawatashtuka.

Kisha kuna mwendo. Kila wimbo una midundo yake kwa dakika. Amapiano ya Afrika Kusini inatembea kwenye 110 hadi 115 hivi. Hausi, iliyoanzia Chicago miaka ya 1980, iko kwenye 120 hadi 128. Singeli inaanzia kwenye 200 na inapanda hadi karibu 300. Kuunganisha nyimbo mbili ni kama kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono. Fundi mzembe anashona nusu ua huku na nusu ua kule, na hata asiyejua kushona anaona kuna kitu hakikukaa sawa. Nyimbo mbili zikipishana mwendo, watu hawatasema "DJ amekosea", lakini miguu yao itasimama.

Basi unawezaje kutoka amapiano ya 112 kwenda singeli? Hili lilitusumbua mwezi mzima, hadi mwenzetu wa Kahama akachukua kikokotoo cha dukani: 112 mara mbili ni 224. Tafuta singeli ya 224. Kila mdundo mmoja wa amapiano utabeba miwili ya singeli, na nyimbo zitashikana. Siku tulipoipata ile tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Programu zina kitufe cha kulinganisha mwendo wenyewe. Kitumieni, lakini msikitegemee. Sherehe zetu hazikamiliki bila taarab, na taarab ya zamani ilipigwa na watu, si na mashine. Inakwenda, inavuta pumzi, inaongeza kidogo. Kitufe hakiielewi, na ukikiamini kitakuaibisha mbele ya mama mkwe. Hapo ni sikio na mkono wako.

Besi nazo mbili hazikai chumba kimoja. Wimbo mpya ukiingia, besi yake iwe chini. Ikishika nafasi, unashusha ya ule wa zamani. Na taa nyekundu kwenye mashine maana yake umezidisha sauti. Si mapambo.

Kuhusu gharama, tulianza na laptopu ya duka, hedifoni na programu iitwayo Mixxx, ambayo ni ya bure. Baada ya miezi mitatu ndipo tulipochanga tukanunua kontrola ya mtumba kwa shilingi laki nne na nusu. Spika tunakodi. Nyimbo nunueni au pakueni sehemu halali, zenye ubora. Wimbo uliokwanguliwa hovyo mtandaoni unasikika vizuri kwenye simu, lakini kwenye spika kubwa unalia kama bati. Na mkianza kulipwa, ulizeni taratibu za BASATA na za hakimiliki kabla hamjabandika tangazo.

Tulivyoaibika Katoro

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kicheni pati Katoro. Mji ule wa biashara ya dhahabu unajua kusherehekea, na sisi tulitaka kuwaonesha kuwa tumeiva. Tukaanza na singeli papo hapo, saa tisa mchana, watu hawajamaliza pilau. Wasichana sita wakainuka. Wengine wote wakakaa wakitutazama. Tulipoona hawanyanyuki tukaongeza sauti, taa nyekundu ikawaka, tukaongeza tena. Spika moja ya kukodi ikaungua. Tulilipa laki mbili, na siku ile ujira wetu ulikuwa laki moja na nusu.

Bibi mmoja akaja taratibu hadi mezani kwetu akasema, "Wanangu, mbona mnakimbia? Sisi tuna magoti." Tukaweka taarab kwa spika iliyobaki. Ukumbi mzima ukasimama.

Njiani tukirudi mwenzetu Msukuma akatueleza habari za Bagalu na Bagika. Hawa ni watu wa vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, na wakati wa mavuno hushindana, kundi hili upande huu na lile upande ule, yote yakicheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule ambaye watu wamemfuata. Ukiona watazamaji wanakuhama, umeshindwa, hata kama wewe mwenyewe unajiona hodari. "Sisi leo," akasema, "tulihamwa na hatukutazama." Tangu siku hiyo mmoja wetu anashika mashine na mwingine kazi yake ni kutazama ukumbi tu: nani amekaa, nani amechoka, bibi harusi anamtazama nani.

Tunajua mtakayosema

Mtasema kazi hii ni ya kihuni. Uhuni hauko kwenye mashine, uko kwenye nyimbo unazochagua na saa unayorudi nyumbani. Sisi tumejiwekea mipaka. Hatupigi ukumbi wa mchanganyiko. Hatupigi nyimbo za matusi, hata mwenye sherehe akiziomba. Adhana ikisikika, sauti inazimwa. Simu zetu zinaingia beseni la kwanza kabla ya za wageni, na kamera ya laptopu tumeibandika plasta.

Mtasema dini. Hapa tunanyenyekea. Kuhusu muziki wanazuoni wamekhitalifiana, na sisi ni mafundi, hatutoi fatwa. Tuseme ukweli: mwenzetu wa Pemba, baada ya miezi minne, moyo wake haukutulia. Akatuambia anaacha. Hatukumlaumu wala hatukumbembeleza. Sasa yeye ndiye anayefungua sherehe kwa dufu na kaswida, kisha anakwenda kukaa na wazee. Kila mtu ajue atakalolijibu mbele ya Mola wake. Lakini tunaomba mlifikirie hili: sherehe zipo na muziki utapigwa, tukitaka tusitake. Kinachobaki mikononi mwetu ni nani tumkalishe pale mbele, wakati mama zetu, dada zetu na mabinti zetu wamevua mitandio. Tunashona nguo ya kusitiri kwa siku tatu, kisha tunamlipa mwanamume aje kututazama bila nguo hiyo. Hilo ndilo lililotushinda kulielewa.

Mtasema biashara haina uhakika. Kweli. Huku kwenye machimbo, dhahabu ikitoka sherehe zinafuatana, isipotoka hata kadi za mwaliko hazichapishwi. Mpunga na pamba zikiuzwa vizuri, mwezi wa sita hadi wa nane hatupati usingizi, masika tunakaa. Kwa hiyo hatujauza cherehani hata moja, na hatumshauri mtu auze mtaji wake kwa ajili ya kontrola. Mwaka huu tumepiga sherehe kumi na moja. Spika ya Katoro tumeshairudisha, na kilichobaki kimenunua overloki.

Tunaloomba ni dogo. Kila mji una binti anayeshinda kwenye kompyuta, na nyumbani anaambiwa anapoteza muda. Hebu mmoja wenu amkalishe, amfundishe kuhesabu hadi 32, ampe sherehe moja ndogo ya ubatizo wa moto, na mbele ya watu asimcheke akikosea. Na nyinyi mnaoandaa harusi, mkishapanga chakula na maua, ulizeni na hili: muziki anapiga nani?

Swali hilo tuliulizwa wiki iliyopita. Tulikuwa tunagawa kadi za sherehe ya mtaani kwetu, tukampelekea na yule mama. Aliishika kadi muda mrefu, kisha akauliza, "Muziki anapiga nani?" Tukamwambia ni sisi. Hakusema atakuja. Alisema ataangalia. Kipimo chake cha dera tunacho dukani tangu mwaka jana, na kitambaa tumeshamkatia.

Wabillahi tawfiq.