Mnaocheka muvi za DJ Afro, mama yangu ana swali kwenu

Jumapili iliyopita nilijifanya mtoto mzuri. Nilitoka kwangu nikaenda kwa mama, nikachomeka simu kwenye runinga yake na kumwekea muvi. Ilikuwa mpya na kali, ile ambayo kila mtu kwenye mtandao alikuwa anaizungumzia wiki nzima. Nikakaa kando yake na sahani ya njugu, nikijiona mwana wa maana.

Dakika kumi hazijaisha, mama akauliza, "Sasa huyu analia nini?" Nikamweleza. Baada ya kidogo: "Na huyu mzee ni nani yake?" Nikamweleza tena. Kufikia nusu saa nilikuwa nimechoka, natafsiri neno moja kati ya matano, na mama akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Wewe nawe unatafsiri kama karani wa korti. Kwani hauna ya DJ Afro?"

Binamu yangu, ambaye ana kazi ya ofisi na lafudhi ya ofisi, alikuwa pale. Alicheka hadi akamwaga chai. Eti DJ Afro ni wa ushamba, ni vitu vya watoto wa vibandani, eti mtu mzima hutazama muvi "jinsi ilivyo." Mama hakubishana naye. Aliuliza tu hivi: "Kwani wenye hiyo muvi hawajui sisi tuko?"

Hilo swali limenikaa kichwani wiki nzima. Sijapata jibu, lakini kwanza nataka kumalizana na binamu yangu, na wengine wengi kama yeye.

Kwa wale waliozaliwa juzi, au waliolelewa nyuma ya geti, nitawaeleza. DJ Afro, jina lake halisi James Muigai, ni jamaa anayechukua muvi ya Marekani, ya India au ya Uchina, halafu anaisimulia kwa Kiswahili cha mtaa juu ya picha. Ni mtu mmoja kwa sauti zote. Yeye ndiye staringi, yeye ndiye adui, yeye ndiye demu anayeokolewa. Na akimaliza hayo bado ana nafasi ya kukuonya kwamba huyo jamaa wa koti jeusi si wa kuaminika. Muvi ikiwa na mahali pabovu, anakwambia ni pabovu. Ikiwa ndefu, anaivuta mbele kwa maneno.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na mabenchi yalikuwa mbao juu ya mawe. Kiingilio shilingi kumi, na kama ulikuwa mdogo ungeweza kuingia na tano ukae chini. Wenzetu wa Tanzania huviita vibanda umiza, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye ile mbao saa tatu anajua kwa nini. Huko nao walikuwa na wao, Lufufu, aliyekuwa akifasiri muvi kwa Kiswahili miaka mingi iliyopita. Uganda wanao kina VJ Jingo, wanaofanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda. Kwa hivyo hiki si kituko cha Kayole peke yake. Mahali popote Afrika Mashariki ambapo muvi ilifika kwa lugha ya watu wengine, alitokea mtu mmoja mwenye mdomo akasema, ngojeni, nitawaambia wanachosema.

Pale ndipo nilipotazama Commando, ile ya Arnold Schwarzenegger ya 1985. Binti ya John Matrix anatekwa, baba anapewa saa chache aende amuue rais wa nchi fulani ya kubuni, na badala yake anaruka kutoka kwenye ndege na kuanza kuwasaka waliomteka mtoto, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa darasa la tatu. Kiingereza changu kilikuwa cha "good morning teacher," lakini nilitoka pale nikijua kila kitu: nani alimsaliti nani, na kwa nini yule jamaa aliyeahidiwa kuuawa wa mwisho hakungojea zamu yake. Miaka baadaye niliitazama tena kwa Kiingereza na nikaona imepwaya. Nilidhani nimewekewa muvi nyingine.

Sasa twende kwa hoja ya binamu. Eti mtu mzima hutazama muvi jinsi ilivyo.

Binamu, wewe ulitazama Money Heist. Ile ni ya Kihispania. Uliitazama kwa Kiingereza cha kubandikwa, midomo ya watu ikienda huku na sauti ikija kule, na ukaja kwa wasapu ukatuandikia aya tatu kuhusu Profesa. Squid Game ni ya Kikorea, na nina hakika hujui Kikorea hata cha kuombea maji. Na kabla ya hizo, nani katika mtaa huu hakumjua Paloma na Diego wa Cuando Seas Mía? Ilitoka Mexico ikiwa Kihispania, ikatufikia ikizungumza Kiingereza, na mama zetu wakaacha sufuria ziungue. Mmekuwa mkitazama vitu vilivyofasiriwa maisha yenu yote. Haujawahi kuona haya kwa sababu vilifasiriwa kwa Kiingereza. Vikifasiriwa kwa Kiswahili, hapo ndipo ushamba unapoanzia.

Na wale mnaosema hakuna pesa kwa Kiswahili, basi nendeni mkawaulize Wachina. Walichukua tamthilia yao kuhusu msichana anayeitwa Doudou na shida zake na wakwe, wakaiwekea sauti za Kiswahili safi, ikaonyeshwa Tanzania 2011. Watu waliipenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipozuru Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja kwenye hotuba yake. Rais wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja alisimama akasifia kipindi cha mama mkwe kilichofasiriwa kwa Kiswahili. Wao walielewa kwamba ukitaka kuingia kwenye sebule ya mtu, unabisha kwa lugha yake. DJ Afro alilijua hilo bila ubalozi wala bajeti.

Lakini lazima nimseme na yeye pia, maana mapenzi yasiyoona si mapenzi.

Kuna suala la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haina mchezo. Kazi ni ya mwenyewe, na ukitaka kuinakili, kuiuza au kuionyesha hadharani unahitaji ruhusa yake. Kile kibanda cha magunia hakikuwa na ruhusa ya mtu yeyote, na sidhani kuna mtu Hollywood aliyepata hata senti ya ile shilingi kumi yangu. Mimi naandika vitu, najua uchungu wa kuona kazi yako imebebwa jina likang'olewa. Siwezi kulia yangu ikiibwa halafu nicheke ya Schwarzenegger ikiibwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mnyororo huo unamla hata anayefasiri. Karibu na stejini kwetu kuna duka la muvi. Unapeleka flashi, unajaziwa. Nilimuuliza kijana wa pale kama huwa anamlipa yeyote kwa hizo muvi zilizosimuliwa. Alidhani natania. Kwa hivyo mtu anakaa saa nzima na zaidi akibeba wahusika ishirini kwa koo moja, halafu kazi inasambaa nchi nzima kwa nyaya za simu, na kila mtu kwenye mstari anapata kitu isipokuwa koo lenyewe.

Tena si kila anayeshika maikrofoni ni mzuri. Baada ya njia kufunguliwa walijaa wengi, na baadhi yao kila mwanamke akitokea kwenye skrini wanaanza mizaha ileile ya kuchosha kuhusu mwili wake. Dada yangu alikuwa akitoka nje sehemu hizo zikifika. Wakati ule niliona anajifanya. Sasa nikizisikia, mimi pia natafuta rimoti.

Hata hivyo, angalia walichofanya wenye mali. Septemba 2021 Netflix walitufungulia mpango wa bure wa simu hapa Kenya. Kufikia Novemba 2023 wakaufunga. Sitajifanya naijua hesabu yao ya ndani. Ninachojua ni kwamba mama yangu hakuwahi kujua mpango huo ulikuwepo, na angejua, asingekuwa na cha kusikiliza kwa muvi nyingi mle ndani. Bure ya lugha usiyoielewa bado ni ghali, maana unalipa kwa usingizi. Halafu kampuni zinasema Wakenya hawataki kulipia muvi. Jamani, tulilipa! Watoto wa darasa la tatu walilipa, tena taslimu, na wakakaa juu ya mbao.

Mnaweza kuniambia vitu vyetu sasa vipo, na ni kweli. Country Queen ilipoingia Netflix 2022, watu waliongea Kiswahili, Kikamba na Sheng kama watu wanavyoongea, na mama aliitazama akicheka peke yake. Nataka nyingi zaidi za aina hiyo. Lakini mama pia anataka kumwona Mmarekani akiruka kutoka kwenye ndege, na sioni kwa nini achague kimoja.

Mimi nilitoka chuoni kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina cheti cha lugha. Nikiulizwa nilijifunzia wapi kuandika, jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa ni kwenye kile kibanda. Pale ndipo nilipojua kwamba Kiswahili kinaweza kukimbia, kikapiga breki, kikakutania na bado kikakuambia hadithi. Kule shuleni Kiswahili kilikuwa ngeli na insha ya "Siku Nitakayoikumbuka." Nazipenda ngeli, usinielewe vibaya, lakini hakuna ngeli iliyowahi kunifanya nisahau kwamba nimekalia mbao.

Sasa hivi kuna programu za kompyuta zinazoweza kuchukua sauti ya mtu na kuibadilisha lugha, midomo na yote. Zikifika kwa Kiswahili sawasawa, swali litakuwa nani atakayezifundisha kuongea: mtu atakayezimezesha kamusi, ama mtu aliyewahi kukifanya kibanda kizima kisimame kwa pamoja? Kama ningekuwa na kampuni ya muvi ningeenda kumtafuta James Muigai leo, na mwanasheria mkononi, na kalamu. Nampa muvi kwa halali, analipwa kila ikitazamwa, na jina lake linaandikwa pale mwisho pamoja na la mpiga picha na dereva. Si msaada huo, ni biashara. Soko lipo Kayole, lipo Tandale, lipo Kisangani.

Binamu amesoma nilichoandika hadi hapa, akasema nazidisha, kwamba vijana wote sasa wanajua Kiingereza na shida hii itaisha yenyewe. Labda. Sijui yeye anapanga mama atazame nini wakati tunangoja iishe.

Jioni ileile nilishuka stejini nikarudi na flashi. Ndiyo, ile ya wizi, niseme ukweli, hakukuwa na duka lolote la halali la kuniuzia. Nikaweka Commando. Mama alivaa miwani, akavuta kiti karibu. Ilipofika pale jamaa anashikwa mguu mmoja juu ya genge, alinipiga begani.

"Rudisha," akasema. "Rudisha hapo tena."

Binamu alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Alikaa hadi mwisho.