Vyaelea, vimeundwa: Funzo la filamu ya dakika tano

Wahenga walisema kwamba vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamaye ufukweni akaona jahazi linakata maji hulisifu jahazi, akamsahau fundi aliyechonga ubao na aliyemlisha fundi huyo muda wote alipokuwa akichonga. Ndivyo ilivyo pia katika sanaa. Msanii akishinda ugenini, dunia humpigia makofi yeye peke yake, na wachache huuliza alitengenezwa wapi, kwa muda gani na kwa fedha ya nani.

Mwezi Mei 1994, katika tamasha la filamu la Cannes nchini Ufaransa, Palme d'Or ya filamu fupi ilitolewa kwa El héroe, yaani Shujaa, filamu ya michoro ya dakika tano hivi kutoka Meksiko. Mwongozaji wake, Carlos Carrera, alikuwa kijana aliyezaliwa katika Jiji la Meksiko mwaka 1962. Hakuna Mmeksiko aliyekuwa amepata tuzo hiyo kabla yake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, abiria wamesongamana, kila mmoja na uchovu wake, na hakuna amtazamaye mwenzake. Mtu mmoja anamwona msichana anayetaka kujirusha relini, naye anajaribu kumwokoa. Malipo anayopata si shukrani. Jina la filamu ni Shujaa, lakini mtazamaji huondoka akijiuliza ushujaa una nafasi gani katika mji ambao watu wake wamezoea kupitana kama mawe.

Filamu ya namna hii haitengenezwi kwa siku mbili. Kila sekunde moja ya filamu, picha 24 hupita mbele ya macho. Hata mchoraji akitumia kila mchoro mara mbili ili kupunguza kazi, dakika tano zinahitaji michoro ipatayo 3,600. Nayo filamu fupi haina soko. Wenye majumba ya sinema hawauzi tiketi kwa ajili ya dakika tano, na hakuna mfanyabiashara atakayetoa mtaji wake kwa kazi isiyorudisha hata gharama ya karatasi. Kwa hesabu ya duka, El héroe ni hasara tupu. Ni dhahiri basi kwamba kama mambo yote yangeachiwa duka, filamu hiyo isingekuwapo.

Iliwezekana kwa sababu ulikuwapo mkono wa umma. Carrera alianza kuchezea michoro na picha za sinema tangu utotoni. Alisomea mawasiliano katika Universidad Iberoamericana, ambacho ni chuo cha binafsi, kisha akaingia katika Kituo cha Mafunzo ya Filamu, kijulikanacho kwa kifupi kama CCC, shule iliyoanzishwa na Serikali mwaka 1975. Katika miaka ya 1980 alitengeneza filamu fupi moja baada ya nyingine, miongoni mwake Malayerba nunca muerde ya mwaka 1988. Hizo ndizo zilizokuwa daftari lake la mazoezi. Ndani yake aliruhusiwa kukosea, kufuta na kuanza upya.

CCC haikumwachia mwanafunzi cheti na kumwambia akajitafutie. Ilikuwa na mpango wa kumwezesha kijana kutengeneza filamu ndefu ya kwanza. Mpango huo ulianza na El secreto de Romelia ya Busi Cortés, mwanamke, mwaka 1988. Carrera naye alipitia mlango huo huo, akatoa La mujer de Benjamín mwaka 1991, kisa cha mzee wa kijijini anayemteka msichana ampendaye. Mwaka 1993 ikafuata La vida conyugal. Mtu aliyekwisha kutoa filamu ndefu mbili angeweza kuidharau filamu fupi kama kazi ya wanagenzi. Yeye alirudi kwenye penseli, na Taasisi ya Filamu ya Meksiko, IMCINE, iliyoundwa mwaka 1983, ikagharimia dakika zake tano.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni bahati ya mtu mmoja mwenye kipaji. Hoja hiyo haina nguvu. Mwaka 2007, Mmeksiko wa pili alipewa tuzo hiyo hiyo huko Cannes. Huyo alikuwa Elisa Miller, aliyezaliwa mwaka 1982, na filamu yake, Ver llover, ilikuwa kazi yake ya shule. Shule yenyewe ni CCC. Bahati haina mazoea ya kubisha hodi mara mbili katika nyumba moja.

Lakini jahazi likishaundwa linahitaji bahari, na hapa ndipo Meksiko ilipojikwaa. Sheria iliyotumika kabla ya mwaka 1992 ilitenga nusu ya muda wa majumba ya sinema kwa filamu za nchini. Sheria mpya ya mwaka huo ilishusha kiwango hicho hadi asilimia 30, kisha kikaendelea kushuka mwaka hata mwaka hadi asilimia 10 mwaka 1997. Bei ya tiketi, iliyokuwa ikidhibitiwa, iliachiwa soko. Mwaka 1993 Serikali iliuza COTSA, shirika lake la majumba ya sinema. Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ukaanza kutumika. Katikati ya muongo huo, nchi iliyokuwa ikitoa filamu nyingi kila mwaka ilitoa chini ya ishirini.

Kwa hiyo mwaka ule ule ambao Cannes ilishangilia filamu ya abiria wa treni, abiria wenyewe walikuwa wakinyang'anywa majumba ambamo wangeweza kuiona. Treni ile, iliyofunguliwa mwaka 1969, huwabeba wafanyakazi, wachuuzi na wanafunzi. Hao ndio waliochorwa, na kodi yao ndiyo iliyonunua wino. Kumlea msanii kwa fedha ya wananchi kisha kuwafungia wananchi mlango wa kuitazama kazi yake ni kulima shamba na kuwaachia wengine mavuno.

Hata hivyo, haki inataka upande wa pili nao usemwe. Mkono unaolisha unaweza pia kuziba mdomo. Mwaka 1999, filamu ya Luis Estrada iitwayo La ley de Herodes, iliyokidhihaki waziwazi chama kilichokuwa kikitawala Meksiko, ilipokuwa tayari kuonyeshwa, viongozi wa IMCINE ile ile iliyochangia gharama zake walijaribu kuikwamisha. Wasanii walipiga kelele, hila ikashindwa, na mwaka 2000 wananchi wakaiona filamu yao. Wenye madaraka kokote waliko wanapaswa kulitafakari jambo hilo. Fedha ya umma si fedha ya kiongozi, na msanii aliyesomeshwa na umma hadaiwi sifa na wakubwa. Anachodaiwa ni ukweli, hata ukiwa mchungu.

Nchi zinazoendelea hulalamika, tena kwa haki, kwamba vijana wao wanajiona kwa macho ya wageni. Malalamiko hayajengi shule wala hayanunui kamera. Anayetaka taifa lisimulie habari zake mwenyewe sharti agharimie miaka ya mazoezi isiyo na faida, aulinde mlango wa kuonyeshea kazi hiyo, kisha amwache msanii aseme. Ikikosekana nguzo moja kati ya hizo tatu, tuzo za ugenini zitabaki kuwa sherehe ya siku moja.

Dakika tano za Carlos Carrera ziliundwa kwa karibu miaka ishirini. Wanaotamani kuona vyao vikielea waanze kuchonga.