Mpeni Babu Jiko la Mkaa

DUNDO LA JUMATANO
Na Mwana Ukaguru

Aliomba jiko la mkaa tu. Babu alishuka Gairo mjini kutoka milima ya Nongwe na ngoma tatu ndani ya gunia, akafika studio, akasalimia, akaomba jiko apashe ngozi moto kabla ya kurekodiwa. Prodyuza akamjibu, "Babu, hapa ni studio, siyo uwanja wa jando." Vijana waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka, na hadi naandika haya hasira haijashuka.

Aliyemleta babu ni kijana mwimbaji wa gitaa kavu, anayetunga nyimbo ambazo si Bongo Fleva, si singeli, si injili. Hana lebo wala meneja. Anajilipia mwenyewe kwa pesa ya viazi vitamu anavyowauzia abiria wa mabasi ya Dodoma. Wimbo wake unamhusu dada yake aliyeolewa mbali, na aliutaka utembee kwa mwendo wa ngoma alizosikia utotoni. Akamfuata babu kwa pikipiki, akambembeleza, akamlipia nauli.

Anayeijua Gairo wakati wa kipupwe anaujua upepo wake. Kukiwa na baridi na ukungu, ngozi ya ngoma hunywa unyevu, ikalegea, sauti ikawa bubu. Moto huikausha na kuikaza, ndiyo maana wapigaji wa kwetu, na wa pwani pia, huwasha moto kando ya uwanja. Mpiga gitaa alikaza nyuzi zake pale pale kwa muda mrefu, na hakuna aliyemcheka wala kumharakisha. Babu alitaka kufanya jambo lile lile.

Wakamwingiza kwenye kijumba cha kuimbia, kuta zote zimebandikwa matrei ya mayai. Matrei hayo yanapunguza kidogo sauti nyembamba, lakini mvumo wa ngoma yanauacha ujigonge ukutani na kurudi. Maiki ya waimbaji ikawekwa karibu kuigusa ngozi. Babu akapiga. Taa nyekundu zikawaka kwenye kompyuta, sauti ikakwaruza. Prodyuza hakupunguza sauti inayoingia, hakuisogeza maiki hata shubiri moja. Akasema ngoma "inapasua". Kisha akamvalisha hedifoni zenye mlio wa kuhesabia mwendo, mzee ambaye mwendo wake wote umo mikononi, na babu akapotea. Walipojaribu tena, ikawa vile vile. Prodyuza akafungua hazina yake ya biti, akaburuta moja iliyoandikwa Africa, akaipanga chini ya gitaa. "Watu hawatajua," akasema.

Watajua! Mimi nimejua, na kijana mwenyewe alijua, maana niliuona uso wake. Biti ile haikuwa ya Ukaguru, haikuwa hata muheme ya akina mama wa Kigogo, jirani zetu wanaobana ngoma mapajani. Niliuliza imetoka wapi. Hakuna aliyeweza kunijibu.

Wala haikuhitajika mashine ya bei. Maiki moja ingetosha, ikiwekwa hatua moja mbali na babu, usawa wa kifua, isikie ngozi na mwili wa ngoma pamoja. Zikiwepo mbili, moja inakaa karibu ipate kishindo cha kiganja, nyingine inasogea nyuma ipate mvumo. Ondoa matrei, tundika mablanketi mazito na magodoro. Rekodi usiku wa manane, malori yanapopungua barabarani. Punguza sauti inayoingia, kwa sababu sauti ikishapasuka ndani ya kompyuta hakuna programu itakayoirudishia uzima wake wote. Muhimu kuliko yote, ngoma itangulie na gitaa liifuate. Babu akifika kwenye kiitikio ataongeza mwendo kidogo, mwache aongeze. Hapo ndipo mtu anapoinuka kitini.

Msomaji wangu wa Kibaigwa, yule anayenijibu kila wiki kwa neno moja, "Zamani!", atasema nimeanza tena na redio ya baba. Naam, nimeanza. Kwenye redio ile taarifa ya habari ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyezizungushia ngoma nyingi mwili wake na kuzipiga peke yake. Radio Tanzania ilimrekodi yeye, mikono yake, na nchi nzima ilimtambua kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na zeze vijijini, maiki kaishika mkononi, akiisogeza kuifuata sauti. Na mkoa huu ni wa Mbaraka Mwinshehe na wa Salum Abdallah, watu wa bendi zilizorekodi wote wakipiga kwa pamoja. Leo tumeshindwa kumrekodi mzee mmoja mwenye ngoma tatu?

Nakataa kabisa kusikia habari ya umaskini wa vifaa. Kompyuta ilikuwepo, maiki ilikuwepo, umeme haukukatika. Chanzo ni kwamba maprodyuza wetu wengi wamejifunzia kazi kwenye biti zilizokwisha kupikwa, na kitu pekee walichowahi kukiwekea maiki ni kinywa cha mtu. Wakikutana na chombo kinachotikisa hewa, wanaona kosa ni la chombo. Tena wanalipwa kwa wimbo, siyo kwa saa, kwa hiyo dakika za kusubiri ngozi ikaze wanaziona ni hasara yao.

Studio ilichukua malipo yake kamili. Babu alipewa nauli ya kurudi na chupa ya maji, akafunga gunia lake bila neno. Kijana alimsindikiza hadi stendi akimwomba radhi kwa kosa lisilo lake, na babu akawa anamwambia, "Basi, mjukuu wangu, yaishe." Kwangu mimi hayajaisha.

Wimbo unapelekwa redioni mwezi huu. Mtangazaji akiuliza nani kapiga ngoma, kijana asilitaje jina la babu, kwani babu hayumo mle. Ajibu ukweli kwamba hakuna mtu aliyezipiga, na prodyuza awe amekaa pembeni yake, asikie.