Umefika Wapi?



Kila muhula mimi husahihisha insha nyingi kuhusu simu ya mkononi. Swali linaweza kutaka hotuba, barua kwa mhariri au mjadala, lakini likigusa mambo ya barabarani, takriban kila karatasi husema jambo lile lile: madereva wazembe wanatumaliza, polisi wawakamate, serikali iwatoze faini kali. Hoja hizo ni sahihi na huwa ninazipa alama. Hata hivyo, kuna mtu mmoja ambaye sijawahi kumkuta katika insha hizo. Ni yule aliyempigia dereva simu.

Mimi ninamjua mtu huyo kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Kwa miaka miwili kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akinichukua nyumbani kila asubuhi na kunifikisha shuleni. Nilikuwa nimemfundisha Kiswahili, kwa hivyo hakuniita kwa jina, aliniita Mwalimu. Akichelewa hata dakika tano nilimpigia, na swali langu lilikuwa lile lile: "Umefika wapi?" Naye hakukosa kupokea. "Nakaribia, Mwalimu," angesema, na nyuma ya sauti yake ningesikia upepo na mngurumo wa pikipiki. Sikuhitaji kumuuliza ameishikaje simu hiyo. Niliwahi kumwona akiipachika kati ya sikio na helmeti huku shingo imepinda upande mmoja.

Asubuhi moja ya mvua nilipiga simu, akapokea, na kabla hajamaliza kunijibu nikasikia kishindo. Simu ikakatika. Alikuwa ameondoa mkono mmoja kwenye usukani ili aipachike simu, mahali penye kona na utelezi, na pikipiki ikatumbukia mtaroni. Hakufa, namshukuru Mungu. Alivunjika mkono wa kulia, akakaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu bila kazi, na mwenye pikipiki akampa mtu mwingine aiendeshe. Nilipokwenda kumjulia hali hospitalini nilimuuliza kwa nini hakuiacha simu ilie tu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Mwalimu," akasema, "ningekosaje kupokea yako?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa na adabu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuita unaitika, na simu ya mzazi, mwajiri au mwalimu ni mwito kama mwito mwingine. Kuiacha ilie huonekana kuwa dharau. Maoni yangu, basi, ni haya: hatutapunguza vifo vinavyoletwa na simu barabarani kwa kumlaumu dereva peke yake, maana simu ina watu wawili, anayepiga na anayepokea. Wewe ambaye huna leseni bado, mara nyingi ndiwe unayepiga.

Kabla hujanipinga, chukua kalamu tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu wako wa Fizikia ataikubali. Matatu hapa Kenya hairuhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Zidisha 80 kwa 1,000 upate mita, kisha ugawanye kwa sekunde 3,600. Utapata takriban mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tano tu ili asome ujumbe, gari litakuwa limekwenda takriban mita 110. Huo ni urefu unaozidi viwanja vingi vya kandanda. Sasa jiulize: ungekubali kupanda gari ambalo dereva wake anafumba macho kutoka goli moja hadi jingine? Na hapo ametii sheria ya mwendo.

Wako watakaosema kwamba dawa ni vifaa vya masikioni au kipaza sauti, mikono ikae kwenye usukani. Hoja hii husikika sana, na ndiyo inayopotosha wengi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu anakabiliwa na hatari ya ajali mara nne hivi kuliko asiyeitumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa zaidi kuliko ile inayoshikwa. Sababu yake ni kwamba kuendesha gari si kazi ya mikono peke yake. Mtu anayejibizana kuhusu karo au ugonjwa wa mtoto anaweza kumtazama mtu anayevuka barabara na asimwone, kwa kuwa macho yako njiani lakini akili iko kwingine. Tena, usilinganishe mazungumzo ya simu na yale ya abiria aliyeketi kando ya dereva. Abiria anaiona barabara. Lori likitokeza ghafla, yeye mwenyewe hunyamaza. Aliye upande wa pili wa simu halioni lori hilo, naye huendelea kuuliza.

Wengine watasema sheria ipo, tuwaachie polisi. Ni kweli ipo. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu makosa madogo ya trafiki zinamtoza dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni shilingi 2,000. Lakini polisi husimama mahali pamoja barabarani, na dereva akimwona mbele huificha simu mapajani, akishampita akaitoa tena. Aliye karibu na dereva safari nzima ni abiria. Aliye karibu naye zaidi kuliko abiria ni yule anayemwongelesha sikioni.

Jambo hili linakuhusu wewe kuliko linavyonihusu mimi. Ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 duniani kila mwaka, na miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua. Soma umri huo tena. Umo ndani yake, pamoja na rafiki zako wote wa darasani.

Nakuomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

La kwanza, usimpigie mtu unayejua yuko njiani akiendesha. Siku ya kufunga shule ninyi hupanga foleni mbele yangu: "Mwalimu, naomba simu nimpigie baba nimuulize amefika wapi." Naelewa. Sanduku liko mlangoni, wenzako wanaondoka mmoja mmoja, na wewe umeikumbuka nyumbani. Lakini baba akiendesha, jibu la swali lako haliwezi kumfikisha mapema hata kwa dakika moja. Linaweza tu kumzuia kufika. Ukimpigia mtu bila kujua yuko wapi, swali lako la kwanza liwe "Unaendesha?" na akikubali, mwambie, "Basi tutaongea ukifika," kisha ukate wewe. Ukikata wewe uliye mdogo, umemwondolea mzigo wa kuonekana amekupuuza.

La pili, ukiwa abiria, sema. Najua ni vigumu kijana kumkosoa dereva aliye na umri wa baba yake. Usimkosoe, mwombe. "Dereva, samahani, tusimame kando kidogo umalize kuongea, sisi tutangoja." Sentensi hiyo haina tusi wala dharau. Nimeitamka mara kadhaa katika matatu, na mara nyingi abiria wengine, waliokuwa kimya kana kwamba hawaoni, huniunga mkono mara moja. Walikuwa wakingoja mtu wa kuanza. Kwenye bodaboda fanya vivyo hivyo. Ukilipa kwa simu, lipa mkiwa mmesimama, na umsubiri aone ujumbe wa malipo kabla hajaondoka. Ukiondoka upesi, yeye atautafuta ujumbe huo akiwa mwendoni.

La tatu linahusu kesho yako. Baada ya mtihani wa mwisho wengi wenu mtajiunga na shule za udereva mkingoja matokeo. Mtafundishwa alama za barabarani, gia na breki. Amua sasa, kabla ya kushika usukani, kwamba simu yako itazimwa sauti na kuwekwa mahali ambapo mkono haufiki. Waambie mama, baba na rafiki zako mapema: "Nikiwa barabarani sipokei, nitawapigia nikisimama." Watu wakishajua hivyo, hakuna atakayeona umemdharau. Dereva anayengoja simu ilie ndipo aamue, huamua vibaya, hasa jina linaloonekana kwenye kioo likiwa la mtu anayemheshimu.

Sisemi kwamba dereva hana hatia. Mwenye usukani ndiye mwenye jukumu la kwanza, na sheria imwadhibu. Ninachokataa ni insha, na maisha, ambamo makosa yote ni ya mtu mwingine. Mimi sikuwa kwenye pikipiki ile asubuhi ile ya mvua. Nilikuwa nimesimama langoni kwangu, sijalowa, nikitazama saa. Hata hivyo nilikuwa na sehemu katika ajali ile.

Kijana yule alirudi barabarani mkono ulipopona, akapata pikipiki nyingine, na bado hunibeba. Tulikubaliana: simu yake hukaa katika mfuko wa jaketi uliofungwa, nami simpigi. Siku nyingine huchelewa, nami hufika shuleni gwaride limekwisha, nikaulizwa. Huwa najibu kwamba nilikuwa nikimngoja mtu aliye njiani. Wahenga walisema, kawia ufike. Nami nakuongezea wewe unayengoja: mwache akawie.

Maswali

1. Kwa nini mwandishi anasema kijana wa bodaboda hakuwa mzembe?
2. Eleza tofauti anayoionyesha mwandishi kati ya mazungumzo ya dereva na abiria, na mazungumzo ya dereva kwa simu.
3. Taja hoja mbili za upinzani zilizotajwa katika makala haya, na ueleze jinsi mwandishi anavyozijibu.
4. "Simu ina watu wawili." Andika barua kwa mhariri wa gazeti ukiunga mkono au ukipinga kauli hii.