Baada ya simba na twiga, wapelekeni watoto Khoja

BARAZA LA JIJI
Na Rehema Wanjala

Mwanafunzi wa Nairobi akimaliza shule ya msingi, huwa ameshapelekwa kuona simba katika Mbuga ya Nairobi, twiga kule Lang'ata, mafuvu ya watu wa kale kwenye Makavazi ya Taifa na ndege zikipaa JKIA. Ni ziara nzuri, sizikatai. Lakini mtoto huyohuyo amepita nje ya Msikiti wa Jamia tangu abebwe mgongoni na hajawahi kukanyaga ndani. Ameshuka matatu Khoja miaka yote bila kuuliza lile jengo lenye mnara wa saa ni la nani. Amekwama kwenye msongamano wa magari kando ya sinagogi ya University Way akidhani ni klabu ya wazungu wazee.

Kosa si lake. Tumemtenga na jirani yake kwa ratiba. Kengele ya somo la dini ikilia, wa CRE (Kikristo) wanabaki darasani, wa IRE (Kiislamu) wanahamia chumba kingine, na wa HRE (Kihindu), kama wapo, wanatafutiwa mwalimu. Mtoto anasoma dini yake mwenyewe kuanzia gredi ya kwanza hadi mtihani wa mwisho, na anachojua kuhusu dini ya mwenzake wa deski moja ni kile alichookota kwenye simu.

Jumapili ya Septemba 30, 2012, guruneti lilirushwa katika shule ya Jumapili ya kanisa la St Polycarp, Juja Road, na mtoto akauawa. Haikuchukua muda vijana wakaanza kuwarushia mawe Wasomali wa Eastleigh, watu waliokuwa wakiwauzia nguo na sukari miaka nenda miaka rudi. Sisemi ziara ya shule ingezuia guruneti. Nasema kwamba wale waliookota mawe hawakuwa na kumbukumbu hata moja ya kuketi ndani ya msikiti, ya kuzikinza hasira za siku ile.

Pendekezo langu kwa Wizara ya Elimu, na kwa mwalimu mkuu yeyote asiyetaka kungoja waraka wa Wizara, ni siku moja tu katika mwaka. Wanafunzi wa sekondari ya chini, wa CRE, IRE na HRE wakiwa pamoja, watembee kwa miguu katikati ya jiji wakiingia nyumba za ibada zisizo zao.

Nairobi ni kama iliumbwa kwa safari hiyo. Mji ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi, na nyingi ya dini zake zilishuka hapa kwa ajili ya reli hiyo: Waingereza na Uanglikana wao, Wagoa na Ukatoliki wao, na mafundi wa Punjab, baadhi Waislamu, wengine Masingasinga, wengine Wahindu. Jiwe la msingi la sinagogi liliwekwa mwaka 1912, la kanisa kuu la All Saints mwaka 1917. Khoja ilifunguliwa 1922. Jamia ikaanza kujengwa 1925 na kukamilika 1933. Zote zimesongamana kiasi kwamba mtoto mwenye miguu mizuri anaweza kutoka Khoja hadi All Saints, akichungulia zote, kabla ya chakula cha mchana.

Mwalimu wa jiografia aje na dira. Waumini wa Jamia, chini ya zile kuba tatu, huelekea kaskazini wanaposwali, kwa kuwa Makka iko kaskazini mwa Nairobi, ikichepuka kidogo mashariki. Myahudi anayesali Nairobi huelekea Yerusalemu, nayo iko kaskazini, ikichepuka kidogo magharibi. Ijumaa moja, adhuhuri kwa hawa na jioni kwa wale, umbali wa mwendo wa dakika kumi hivi, watu ambao taarifa za habari zimetuzoesha kuwataja kama mahasimu huelekeza nyuso upande mmoja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi wanaamini jambo moja. Nimechoshwa na ile hotuba ya “dini zote ni moja” inayotolewa hotelini kila uchaguzi ukikaribia, viongozi wameshikana mikono mbele ya kamera na chai inapoa. Zingekuwa moja, kusingekuwa na haja ya kutembeleana. Mtoto na aone kwamba Jamia haina sanamu wala picha ya kiumbe, halafu aende hekalu la Swaminarayan la Forest Road, lile la mwaka 1999 ambalo mawe yake yalichongwa India yakaletwa vipande vipande, akute miungu imevishwa nguo na kupambwa maua. Aulize. Aulize pia kwa nini wanawake huketi kando na wanaume katika nyumba hizo zote mbili. Nina hakika wenyeji watakuwa na jibu, na nina hakika baadhi ya wasichana hawataridhika nalo. Hayo ndiyo masomo.

Ile Forest Road siku hizi ina jina la Wangari Maathai, na jina hilo linatupeleka moja kwa moja All Saints. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula Uhuru Park, Wangari akiwa nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na gesi. Wangari alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila mwana wa Kiafrika anaielewa bila kufafanuliwa. Walipokosa pa kujisitiri, kanisa la jirani liliwafungulia chumba cha chini ya ardhi, wakaishi humo karibu mwaka mzima. Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliwafuata watetezi wa mageuzi hadi ndani ya kanisa hilohilo na kuwatwanga. Mwanafunzi wa CRE aliyezoea kuona picha ya All Saints kwenye harusi za matajiri atatoka humo akiifikiria kwa namna nyingine, sembuse mwanafunzi wa IRE.

Sinagogi nayo ina kisa ambacho watoto wa Eldoret wangepaswa kutusimulia. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, iliko Eldoret ya leo, wajenge makao yao. Tume ilitumwa kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukaikataa. Wenyeji wa ardhi yenyewe hawakuulizwa. Nawaomba walimu wa historia wasiipite haraka sentensi hiyo.

Mahali ambapo mtoto atapapenda zaidi, nadhani, ni gurudwara, hekalu la Masingasinga, upande wa Ngara. Mlangoni anavua viatu, ananawa mikono, anafunika kichwa, awe wa kike au wa kiume. Baada ya ibada kuna chakula: dengu, chapati, mboga, chai. Hakiuzwi. Kila mtu huketi sakafuni kwa safu, na mwenye kampuni anaweza kujikuta goti kwa goti na utingo wa lori. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaujua ukarimu huo kupitia gurudwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926. Wakenya wengi wamekula pale wakashiba, wakarudi garini wakiendelea kumwita kila mwenye kilemba “Kalasinga”, bila kuuliza kile kilemba ni cha nini.

Na kwa kuwa tumetaja vilemba, wasiishie kwenye majengo ya mawe. Nairobi ya walio wengi husali chini ya mabati na turubai, Kayole, Githurai, Kangemi. Wapelekwe kwa Wakorino, kanisa lililochipuka miongoni mwa Wakikuyu wakati wa ukoloni, wenye vilemba vyeupe na ngoma, wanaovua viatu kabla ya kuingia. Yule mtoto wa Kikristo aliyedhani kuvua viatu ni mambo ya Waislamu na Wahindi atapata la kufikiri.

Khoja penyewe, ambapo wengi wetu tumepangia miadi ya mapenzi na ya madeni, mgeni haruhusiwi wakati wa ibada. Wenye jengo, Waislamu wa Ismailia, huswali wenyewe kwa wenyewe. Baadhi ya walimu wataona hiyo ni sababu ya kuiondoa kwenye orodha, mimi naona ni sababu ya kuiweka. Mtoto asimame nje, aelezwe na mwenyeji kwa adabu kwamba hapa mwisho wake ni mlangoni, na asikasirike. Kijana wa mjini anahitaji kujua kwamba mtu anaweza kukuheshimu bila kukufungulia kila chumba.

Wazazi wataogopa kwamba watoto watabadilishwa dini. Imani ya miaka kumi na mitatu ya kupelekwa kanisani au madrasa, ikivunjwa na saa moja ya kutazama zulia, basi aliyeijenga ana maswali ya kujibu. Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya wenyeji, kwamba watageuzwa maonyesho, watoto wakipiga picha kama walivyompiga twiga. Hapo nakubaliana nao kabisa: simu zibaki shuleni.

Mengine ni ya mpangilio. Msiende Jamia Ijumaa adhuhuri wala makanisani Jumapili. Jumamosi waachieni Wayahudi Sabato yao, na barua ya kuomba kuingia sinagogi itumwe mapema, maana ulinzi pale ni mkali na kwa sababu zinazojulikana. Jumanne au Jumatano ingefaa zaidi. Wasichana wabebe mtandio, wavulana kitambaa cha kichwa. Na kwa kuwa viatu vitavuliwa siku nzima, nawasihi wazazi wakague soksi usiku wa kuamkia ziara, zote mbili, kisigino na vidole.