Kabla ya Kulipia Begi la Laptopu, Lipapase Chini

Kijana akija kuniuliza hapa Nyamarambe anunue laptopu gani, maswali yake huwa matatu: prosesa ya kizazi gani, memori ngapi, na betri inakaa saa ngapi. Ni maswali mazuri na huwa nayajibu kwa moyo mmoja. La nne silisikii kamwe: nitaibeba kwa begi gani? Mtu anatoa, tuseme, shilingi 35,000 alizokopa kwenye chama, anahesabu kila gigabaiti, halafu anaitumbukiza mashine kwenye begi la shule aliloachiwa na mdogo wake, anapanda bodaboda na mengine anamwachia Mungu.

Basi leo tuongee kuhusu begi. Walimu wetu wa Kiswahili hutaka tuseme kipakatalishi, na ni neno zuri, maana linatukumbusha kwamba kifaa hiki kilitengenezwa kipakatwe kama mtoto. Sisi tunaoishi nacho tunakiita laptopu, na hatukipakati sana. Tunakibeba mgongoni tukipanda na kushuka vilima vya Mugirango Kusini, tukifuata mahali penye stima na mtandao.

Maoni yangu ni haya. Begi ni sehemu ya kompyuta, na bei yake iingie kwenye hesabu kabla hujafika dukani. Tena begi zuri usilitafute kwa jina lililoshonwa mbele wala kwa unene wa sponji ya mgongoni. Litafute kwa kupapasa chini yake, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami kabisa.

Tuanze na namna laptopu inavyoumia. Wengi hufikiria ajali kubwa: pikipiki imeanguka, mtu amelala mtaroni. Hiyo hutokea, lakini hebu hesabu ni mara ngapi kwa siku unaliweka begi chini. Unafika kwenye kibanda cha chai, unalishusha sakafuni. Unaingia kwenye matatu, unalidondosha katikati ya miguu. Unafika nyumbani umechoka, linatua kwenye saruji kwa kishindo kidogo ambacho hata hukisikii. Kila mara uzito wote wa mashine unaangukia ukingo mmoja, mara nyingi pembe moja. Hapo ndipo bawaba hulegea, tundu la chaja hucheza, na plastiki ya pembeni huanza ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa laptopu ni ghali.

Sasa chukua begi la kawaida ulichunguze. Lina mfuko wa ndani wa laptopu wenye sponji mbele na nyuma. Lakini mfuko huo unashuka hadi chini kabisa, na pale chini hakuna sponji. Kati ya pembe ya mashine yako na sakafu kuna kitambaa kimoja au viwili tu. Mtengenezaji ameweka sponji pale ambapo mkono wa mnunuzi hubonyeza dukani, akaacha wazi pale panapogonga.

Begi lililofikiriwa vizuri hufanya kinyume. Mfuko wa laptopu umeshonwa ukaishia juu ya sakafu ya begi, hivyo mashine inaning'inia. Ukilitupa begi chini, kinachogonga ni begi, na laptopu haifiki. Ukitaka kuelewa jambo hili tazama trei ya mayai kwenye keria ya bodaboda. Trei ile ni karatasi tupu iliyofinyangwa, wala si ngumu. Lakini kila yai limekaa kwenye kikombe chake, limeshikwa pembeni na halimgusi jirani. Ndiyo maana mayai thelathini hupita kwenye mashimo yanayotuumiza sisi viuno.

Kipimo chake ni rahisi na huhitaji kuwa fundi. Tia mkono mmoja ndani ya mfuko wa laptopu hadi mwisho. Mkono wa pili uweke chini ya begi kwa nje. Vidole vikisikiana kupitia kitambaa, lirudishe begi kwenye ndoano yake, hata kama lina jina la kampuni kubwa. Kukiwa na nafasi ya vidole viwili hivi, au sponji ngumu ya unene huo, endelea kuulizia bei.

Adui wa pili ni kubanwa. Kioo cha laptopu hupasuka kwa kugandamizwa sawa na kwa kuangushwa, na mara nyingi kinachokigandamiza ni kitu chako mwenyewe. Lile tofali la chaja likikaa nyuma ya kioo, kisha ukaegemea kiti cha matatu kilichojaa watu wanne, umekwisha. Betri nayo haipendi kubanwa, na betri ya lithiamu iliyojeruhiwa inaweza kuvimba au kushika moto. Hapo tujifunze kwa ndugu zetu wa Tabaka wanaochonga vinyago vya mawe laini. Jiwe lile ni laini na likigongana na mwenzake linaharibika, kwa hiyo anayejua kulisafirisha hufunga kila kinyago peke yake. Fanya hivyo hivyo. Begi liwe na mfuko mwingine kabisa wa chaja, mbele na kwa chini, mbali na kioo. Ukikuta begi lenye chumba kimoja kikubwa, hilo ni la kubebea viazi.

Kuhusu kutikisika, habari ni njema kidogo. Zamani hofu kubwa ilikuwa diski kuu ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Mwaka 2003 IBM ilianza kutia kwenye baadhi ya ThinkPad kitambuzi cha mwendo, kinachohisi mashine ikianza kuanguka na kukiondoa kichwa hicho kabla haijagonga. Wazo hilo lilitokana na mifuko ya hewa ya magari. Diski za SSD za leo hazina kinachozunguka. Lakini laptopu nyingi kuukuu zinazouzwa kwa bei nafuu bado zina diski za zamani, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, izime kabisa kabla ya kupanda pikipiki.

Na hata kama ni SSD, izime tu. Kufunga kifuniko kunailaza mashine, hakuizimi. Laptopu nyingi za siku hizi huamka zenyewe usingizini kutafuta mtandao au kupakua masasisho. Ndani ya begi hakuna hewa, na sponji uliyolipia inaifunika kama blanketi. Unaitoa ikiwa moto kama muhogo wa kuchoma na betri imekwisha. Kadiri begi linavyokinga vizuri ndivyo linavyohifadhi joto, kwa hiyo zoea kuzima.

Sasa mvua. Milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. London, mji unaosifika duniani kwa mvua, hupata kama 600. Kwa hiyo begi lililobuniwa kwa mtu anayetembea kutoka kituo cha treni hadi ofisini huko halijui kitu kinachoitwa mvua ya alasiri ya Kisii, ukiwa juu ya bodaboda na dereva ameamua kwamba tumekaribia kufika.

Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii haiingizi maji hata kidogo," kisha akuonyeshe kibandiko cha 600D. Tuelewane: namba hiyo ni uzito wa uzi. Maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzani wa gramu 600. Inakueleza unene wa uzi na haisemi lolote kuhusu maji. Kinachozuia maji ni tabaka jembamba lililopakwa upande wa ndani wa kitambaa. Geuza begi ndani nje ulione. Ukilikuta linabanduka kama ngozi iliyoungua jua, au linanata vidoleni, limeshakufa. Hili ni muhimu zaidi ukinunua mitumba pale Daraja Mbili, ambako unaweza kupata begi zuri la wapanda milima kwa bei ya chini, lakini tabaka lake limezeeka kabatini mwa mtu huko Ulaya.

Hata tabaka likiwa zima, maji huingia kwa zipu na kwa matundu ya sindano kwenye mishono. Tafuta begi ambalo zipu yake ya juu ina mdomo wa kitambaa unaoifunika. Zikiwa zipu mbili zinazokutana, zikutanishe ubavuni wala si juu ya utosi wa begi, maana mtikisiko huziachanisha polepole, na mvua au mkono wa mtu hupata mlango.

Zamani tulikuwa na dawa ya bure: juala la supamaketi. Unaifunga laptopu ndani ya juala, unaitia begini, habari imekwisha. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na faini inaweza kufika shilingi milioni 4. Mimi naiunga mkono marufuku hiyo, maana mito yetu ilikuwa imejaa takataka. Lakini ile mifuko ya kitambaa iliyokuja badala yake hupitisha maji kama chujio, kwa hiyo usiitegemee. Kama begi halikuja na kifuniko chake cha mvua, tafuta mwavuli uliovunjika mbavu. Kitambaa chake bado kinakataa maji. Mpelekee fundi cherehani akitie mpira pembeni, na utapata kofia ya begi inayokaa mfukoni.

Hapo nafika kwenye jambo ninalolipenda zaidi: si lazima begi zuri liwe ghali. Ukiwa na begi imara lisilo na sakafu, mpelekee fundi wa viatu. Mwambie akukatie vipande vya soli ya malapa ya sponji, yale mepesi yanayoelea majini, aviweke chini ya mfuko wa laptopu na kupanda kidogo kwenye pembe. Sponji ya aina hiyo haifyonzi maji na hurudi umbo lake baada ya kubanwa. Usikubali akuwekee sponji ya godoro. Ile ukiibonyeza inalala kabisa, na ikilowa inageuka kuwa ndoo.

Kuhusu saizi, usiende dukani na inchi za kioo. Laptopu ya inchi 15.6 imepimwa kioo chake kutoka pembe hadi pembe, karibu sentimita 40, na mashine mbili za inchi hizo zinaweza kutofautiana upana kwa sababu ya fremu. Pima mashine yenyewe kwa rula: upana, kina na unene. Mfuko uishike bila kuilazimisha. Ukiwa mpana mno mashine itacheza ndani, na kucheza ndiko kugonga.

Na wezi? Ushauri wangu ni begi lisilojisifu. Lile lenye nembo kubwa ya kampuni ya kompyuta limeandikwa "njoo unichukue". Safari ya Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na ukishuka mjini asubuhi na mapema umejaa usingizi, begi la rangi ya vumbi linalofanana na la mwanafunzi ni kinga kuliko kufuli. Njiani liweke mapajani. Usikubali liingie kwenye buti chini ya mikungu ya ndizi, hata kondakta akikuitia majina mazuri. Kwenye bodaboda livae mgongoni na ukaze mikanda yote miwili. Ukilivaa kifuani, dereva akifunga breki kioo ndicho kitakachompiga mgongo.

Kuna watakaosema ninalikuza jambo dogo. Wafikirie kijana wa hapa anayeandika programu kwa mteja asiyewahi kumwona, au msichana anayenakili sauti kuwa maandishi usiku ili alipe karo. Hao hawana ofisi wala mashine ya akiba. Laptopu ndiyo jembe na ndiyo shamba. Ikivunjika Jumanne, kufikia Ijumaa mteja ameshapata mtu mwingine, na mkopo wa chama bado unadai. Ukiweka hesabu hiyo mezani, shilingi 2,500 za begi ni bima nafuu.

Ila begi hulinda mashine tu. Kazi iliyomo ndani inahitaji kinga yake, kwa hiyo kabla ya kufunga zipu, sukuma msimbo wako kwenye seva au nakili faili zako mahali pengine. Kisha zima, weka chaja kwenye mfuko wake, kaza mikanda, na umwambie dereva wa bodaboda aende pole pole. Hatakusikia, lakini umemwambia.