Kompyuta Dhaifu au Programu Isiyofaa?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Usemi huo una hekima yake shambani, lakini katika zana za elektroniki waweza kutupotosha, kwani huko mtu huweza kuwa na jembe zima akaambiwa kwamba limevunjika. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini kompyuta mpakato za bei nafuu aghalabu hushindwa kuonyesha diski za DVD, na kutetea maoni kwamba dawa yake, mara nyingi, si kununua kompyuta nyingine bali kuchagua programu inayofaa.

Jambo hili lawahusu sana wakazi wa Mkoa wa Njombe. Makambako ni njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Bidhaa za kila aina hushushwa mjini humo, zikiwemo kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Wakati huohuo, majumbani na mashuleni zimo diski zilizonunuliwa kwa fedha halali: kwaya, masomo, na filamu za Kitanzania kama zile za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012. Mwenye mali hiyo anapoitia diski katika kompyuta yake asione kitu, huambiwa kwamba mashine haina uwezo. Yafaa dai hilo lipimwe.

Picha ya DVD katika mfumo unaotumika nchini mwetu ina nukta 720 kwa 576, na picha 25 hupita kila sekunde. Picha hizo hubanwa kwa kanuni iitwayo MPEG-2 ili zienee katika diski, na kompyuta hulazimika kuzikunjua kabla ya kuzionyesha. Kazi hiyo ilimudiwa na kompyuta za mwishoni mwa miaka ya 1990 zenye mwendo wa megahezi 400 hivi. Kompyuta iliyo duni kabisa madukani leo ina nguvu kuishinda ile mara nyingi. Ni dhahiri, basi, kwamba udhaifu wa mashine si sababu ya kutosha.

Sababu yenyewe ni ya kibiashara. Sehemu ya programu inayokunjua picha za MPEG-2 ilikuwa ikilipiwa ada ya leseni kwa kila kompyuta. Kwa ajili hiyo, matoleo ya bei ya chini ya Windows 7, yaani Starter na Home Basic, yaliyotoka mwaka 2009, hayakuwa nayo. Windows 8 ya mwaka 2012 iliiondoa katika mfumo wa kawaida, na ilipofika Windows 10 mwaka 2015, programu ya kutazamia DVD ikawa bidhaa ya kununuliwa peke yake kwa wateja wengi. Mnunuzi wa mashine rahisi ndiye aliyenyimwa, kisha akaambiwa kwamba kosa ni la mashine yake.

Programu ifaayo, kwa maoni yangu, sharti iwe na sifa tatu. Kwanza, ije na vikunjuzi vyake vyote, isitegemee mfumo wa kompyuta wala intaneti. Pili, iwe halali na ya bure, ili mwananchi asishawishike kutumia nakala za wizi ambazo mara nyingi hubeba virusi. Tatu, iwe nyepesi. Programu iitwayo VLC inazo sifa hizo. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria, hata mtu yeyote aweza kuitumia, kuichunguza na kuigawa. Ukubwa wake ni megabaiti 40 hivi. Mwalimu aweza kuipakua mara moja Makambako mjini, kutoka kwa watengenezaji wenyewe, akaichukua kwa flashi hadi shule isiyo na mtandao.

Hata hivyo, programu peke yake haiondoi kila kikwazo. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika maeneo yenye namba. Tanzania imo katika eneo namba 5, pamoja na India na sehemu kubwa ya Afrika. Ulaya Magharibi ni namba 2 na Marekani ni namba 1. Kisomaji cha diski cha kompyuta iliyotoka Ulaya huwa kimewekwa namba 2, nacho huruhusu namba hiyo ibadilishwe mara 5 tu, kisha hujifunga. Anayebonyeza "ndiyo" kila aulizwapo hujifungia mlango. VLC mara nyingi husoma diski za maeneo mengine bila kubadili namba hiyo, ingawa vipo visomaji visivyokubali.

Aidha, baridi ya Njombe ya mwezi Juni na Julai ina athari yake. Mashine iliyolala penye baridi ikiingizwa katika chumba chenye moto, unyevu hutanda juu ya lenzi ya kisomaji, na diski nzima huonekana mbovu. Subira ya nusu saa au zaidi hutosha kuukausha.

Wapo watakaosema kwamba DVD ni zana iliyopitwa na wakati, na kwamba kompyuta nyingi mpya hazina hata pa kuitia. Ni kweli, lakini kisomaji cha nje huunganishwa kwa waya wa USB, na diski haidai kifurushi cha intaneti kila inapotazamwa. Filamu iliyonunuliwa jana hutazamwa kesho bila malipo mengine. Kwa kaya yenye kipato kidogo, na kwa shule ya kijijini, hiyo si hoja ndogo.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Wauzaji wa kompyuta waiweke programu huria ya kutazamia diski kabla ya kumkabidhi mteja mali yake. Ni kazi ya dakika chache. Naye mnunuzi aende dukani na diski yake mwenyewe, aombe ichezwe mbele yake, intaneti ikiwa imezimwa, kabla hajatoa fedha. Ikikataa, aulize kwanza habari za programu. Taifa linalotaka kujitegemea kiteknolojia halina budi kuanza kwa kutofautisha chombo kilichoharibika na chombo kilichofungwa.